Alhamisi ya Povu ya Chuang Bi-hsia

Saa nane mchana, Alhamisi. Chuang Bi-hsia ameketi wima mbele ya kioo katika saluni ya mtaani kwao, mjini Puzi, Taiwan. Povu limesimama kichwani pake kama kilemba, wala hakuna tone linaloanguka begani. Ah-Chu, mwenye saluni, anasugua taratibu kwa ncha za vidole.

"Kuna panapowasha?" anauliza, kama anavyomuuliza kila mteja.

"Hakuna, dada. Wewe endelea tu."

Ni miezi minane sasa tangu aanze kuja hapa, na jibu ni hilohilo.

Bi-hsia, mwenye umri wa miaka 54, anahudumia wazee majumbani. Kila siku hupanda pikipiki yake akazunguka nyumba sita: kuogesha, kulisha, kugeuza waliolala, kuosha vichwa. Kwa mwezi anapata kama dola 33,000 za Taiwan. Kuoshwa nywele ni dola 200, na mwanzoni aliona ni anasa.

Kilichombadilisha ni mkono. Mwaka jana, akimtoa mzee mmoja bafuni, vidole vilikufa ganzi na mzee akamponyoka. Kwa rehema za Mungu, mzee aliangukia mapajani mwa Bi-hsia.

"Nililia mpaka yule mzee akaanza kunibembeleza mimi," anasema.

Daktari alimwambia apumzike, la sivyo kazi itamshinda kabisa. "Na mimi kazi ninayoijua ni hii. Basi nikajitengea saa moja kwa wiki. Saa hiyo simshiki mtu."

Leo saa hiyo imeingiliwa. Mlango unafunguka, kiti cha magurudumu kinaingia. Aliyekikalia ni Bibi Kuo, miaka 88, mmoja wa wazee wake, ambaye hajatoka nje tangu apate kiharusi miaka mitatu iliyopita. Mwanawe anasukuma huku akihema.

"Samahani, dada. Tangu jana amegoma kula. Anasema, kama wewe unaoshwa saluni, kwani yeye ana upara?"

Bi-hsia ameshainuka, na povu lake kichwani. Ameshafunga breki ya kiti, na mkono uko shingoni mwa bibi.

"Toa mkono!" anafoka Bibi Kuo, maneno yakitokea upande mmoja wa mdomo. "Kila siku unanisugua wewe, sijachoka kukuona? Kaa chini. Leo na mimi mteja."

"Bibi, shingo yako italala upande…"

"Ilale! Ah-Chu ataiinua. Si ndiye ninayemlipa?"

Saluni nzima inaangua kicheko. Ah-Chu anakunja taulo, anaikinga shingo, anamwambia yule mwana aishikilie.

Bi-hsia anarudi kitini. Ameng'ang'ania mikono ya kiti kama mtu anayeng'olewa jino. Kwenye kioo anaona povu likipanda kichwani mwa bibi, na bibi akijitazama kama bibi harusi. Shingo haijaanguka. Polepole vidole vya Bi-hsia vinalegea.

"Nawataka na wenzangu watano wa kazini waje kuoshwa hapa," anasema Bi-hsia, macho yanang'aa. "Mwezi ujao tunaanza, kila mmoja na siku yake. Atakayeleta habari za wagonjwa humu ndani, namtoa na povu lake!"

Ah-Chu amerudi nyuma yake. "Haya, kuna panapowasha?"

Bi-hsia anafungua mdomo kutoa jibu lake la kila wiki. Kisha anafumba macho.

"Hapa," anasema. "Nyuma ya sikio. Pananiwasha tangu mwaka jana."