Wimbo wa Nyumba ya Eno Fofie

Siku nilipomwona Eno Fofie kwa mara ya kwanza, jenereta yangu ilikuwa imeishiwa petroli. Ilikuwa Jumamosi, msibani, hapa hapa Odumaso. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na spika zangu zilikuwa na wiki tatu tu tangu nizitoe mjini Kumasi. Nilikuwa nimeinama na kidumu, mikono inanuka mafuta, na kwa sababu muziki ulikuwa umekatika nikasikia sauti ya mwanamke.

Hakuwa anaimba kwa nguvu. Alitembea polepole kati ya mahema, nguo nyekundu ameifunga kiunoni, mikono miwili kichwani kama mtu aliyepotelewa na mtoto sokoni, akizungumza na marehemu kwa wimbo. Alimtaja bibi aliyemlea, akautaja mto ambao bibi huyo alichota maji, kisha akaimba, "Jiko lako limeniuliza asubuhi nani atalipuliza, nikakosa jibu." Wazee waliokuwa wanakula waliacha vidole ndani ya bakuli. Mwanamume mmoja mnene, muuza simenti, alilia mpaka nguo ikamteleza begani.

Nami nikajaza petroli, nikavuta kamba, nikawasha. Nilikuwa nimeitwa kupiga muziki, na nilidhani kunyamaza ni uzembe. Spika zilinguruma katikati ya neno lake. Alisimama, akanitazama kuanzia viatu mpaka nywele, kisha akaja sikioni kwangu.

"Kijana, unaitwa nani?"

"Kwabena Nti, Eno," nikasema, kama tunavyowaita mama zetu.

"Kwabena, hilo dude lako lina mapafu kunishinda. Lakini liulize, linamjua bibi wa marehemu?"

Wanawake waliokuwa nyuma yake walicheka. Nami nikacheka, maana sikujua pa kuuweka uso.

Tangu siku hiyo tulikutana karibu kila Jumamosi kwa miaka ishirini na mitano. Siku nyingine alikuwa mkulima kama wengine: magimbi, ndizi, kokoa kidogo aliyoachiwa na mamake. Alikuwa mfupi, mwenye pengo la meno ya mbele, na mtani asiyesamehe. Mume wake wa pili alipomwacha akahamia kwa mwanamke wa Mampong, watu walikwenda kumpa pole. Akawaambia, "Mpeni pole yule wa Mampong. Mimi nimeanza kulala."

Nyimbo alizipata kwa mamake, na mamake kwa mamake. Hakufundishwa akiwa amekaa. Kwetu wimbo wa msiba hauimbwi katika nyumba isiyo na maiti. Ukiuimba ovyo, jikoni au shambani, ni sawa na kumwita mtu, na hujui nani ataitika. Kwa hiyo msichana hujifunza msibani tu, akitembea nyuma ya mamake, mkono begani kwake, akidaka neno moja Jumamosi hii na jingine Jumamosi ijayo. Eno Fofie alitembea hivyo nyuma ya mamake miaka kumi na minane. Na nyuma yake yeye alitembea Sarpomaa, binti yake pekee aliyebaki hai, msusi wa nywele pale njia panda.

Nililijua jambo hilo. Kila mtu hapa analijua. Lakini ilinichukua miaka mingi kuona kwamba darasa lao lote lilikuwa pale zilipokuwa spika zangu.

Alikuwa akija mezani kwangu na ndizi ya kuchoma na karanga, amezifunga kwenye jani. "Kula, mwanangu. Halafu nipe wimbo mmoja tu." Nami nilikula, nikateremsha sauti. Baada ya muda kidogo mtoto wa marehemu, au mkwe, au mtu wa Kumasi mwenye miwani ya jua, angeniita kwa kidole: "Fundi, mbona pamepoa?" Nami ningepandisha. Mimi si mtu wa kubishana. Tangu utotoni mtu akinipazia sauti mbele ya watu, natii kabla sijafikiri. Nilimwitikia Eno kwa kichwa, nikawaitikia wale kwa kichwa, na kila mara aliyeshinda ni aliyepiga kelele zaidi. Ndizi zake nilizimaliza zote.

Halafu akafa mzee wetu, Opanin Bediako.

Huyu alikuwa kaka yake Eno Fofie, tumbo moja, na mkuu wa nyumba yao. Nyumba yao ina wimbo wake. Hauimbwi kwa kila mtu. Huimbwa akifa mkubwa wa kiume wa nyumba au mkubwa wa kike, basi. Ndani yake wamo kina mama kumi na mmoja, kuanzia yule wa kwanza aliyefika Odumaso na mtoto mgongoni, kila mmoja na jambo lake: huyu alimficha mtumwa aliyetoroka, huyu alizaa mapacha njiani, huyu alikataa kuolewa na chifu. Hata kuyataja majina yale kwa mpangilio, bila msiba, ni mwiko. Mara ya mwisho kuimbwa ilikuwa miaka kumi na tisa nyuma, na Sarpomaa wakati huo alikuwa amelazwa hospitalini kwa uzazi. Hakusikia hata neno.

Alhamisi kabla ya mazishi, Eno Fofie alikuja kwenye kibanda changu. Alikuwa amezeeka, kifua kinamkwaruza. Nikamtolea kiti, hakukaa. Akavua ndala zake, akasimama peku kwenye saruji mbele yangu, nguo ameishusha begani.

Nilitamani ardhi inimeze. Hivyo husimama mtu mbele ya chifu.

"Eno, vaa viatu, nakuomba. Mimi ni mtoto wako."

"Mtoto wangu ndiyo, lakini Jumamosi wewe ndiye utakayekuwa na mji mzima mkononi. Nisikilize, Kwabena. Jeneza likitoka ndani, nipe nusu saa. Nusu saa tu uzime kabisa, usiteremshe, uzime. Sarpomaa ana masikio mazuri, nikimpa mara moja atashika. Baada ya Bediako, mkubwa wa nyumba ni mimi. Unaelewa? Msiba ujao wa wimbo huu ni wangu, na siku hiyo sitakuwa na mdomo wa kumfundishia."

"Nitazima, Eno."

"Sema tena, maana nakujua."

"Nitazima. Naapa."

Akavaa ndala. Mlangoni akageuka. "Ukinidanganya, nitarudi nikiwa mzimu nikate nyaya zako."

Usiku wa Ijumaa sikuwaza wimbo. Nilimwaza Boakye, mtoto wa Opanin Bediako, aliyekuja kutoka Hamburg kumzika babake. Kwetu mtoto si wa nyumba ya babake, ni wa nyumba ya mamake. Wale kina mama kumi na mmoja hawakuwa wake. Lakini jeneza alinunua yeye, kama ilivyo wajibu wa watoto, na mahema, na muziki pia aliuagiza yeye, na alikuwa na sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Nilijua siwezi kumwambia hapana. Basi nikatafuta njia ya mwoga. Nilipima petroli. Nilijua jenereta yangu inakunywa kiasi gani, nikaweka ya kufikia saa sita mchana tu, wakati wa jeneza kutoka. Itazimika yenyewe. Nitainama na kidumu kitupu, nitasema nimetuma mtu, na hakuna atakayenilaumu. Nililala nimeridhika na akili yangu.

Asubuhi watu walijaa, nguo nyeusi na nyekundu mpaka barabarani. Saa tano na nusu nilikuwa naisikiliza jenereta kama mtu anayesikiliza mgonjwa. Saa sita kasoro kidogo nikaona Eno Fofie anasimama, Sarpomaa nyuma yake, mkono begani. Akanitazama. Nikamwitikia kwa kichwa.

Jenereta ikakohoa, ikafa. Mahema yote yakanyamaza, jeneza likatoka.

Akaanza. Sauti yake ilikuwa nyembamba sasa, lakini ilikuwa imenyooka. Akamtaja mama wa kwanza, yule wa mtoto mgongoni. Midomo ya Sarpomaa ilikuwa inafuata nyuma kidogo, kama mtu anayekanyaga nyayo za mwenzake. Akamtaja wa pili. Wa tatu. Bibi mmoja kizee aliyekuwa amekaa karibu na meza yangu akafunika uso kwa nguo, akasema taratibu, "Haya, tumefika nyumbani."

Kwa jina la nne nikasikia maji yanamiminika nyuma yangu. Hayakuwa maji. Boakye alikuwa amefungua buti la gari lake, ametoa kidumu kilichojaa, na alikuwa anaijaza jenereta yangu mwenyewe, suti yake nyeusi ikirukiwa na mafuta.

"Fundi! Unamzika baba yangu kimyakimya kama mwizi? Hamburg nzima inatazama kwenye simu! Nimekujazia. Washa!"

Watu waligeuka.

Neno lilikuwa moja tu. Ningeweza kusema, "Shangazi yako anaimba." Alikuwa mbele yetu, hatua ishirini. Ningeweza hata kudanganya kwamba waya umeungua. Nani pale angejua? Ningeweza kukimbia. Boakye akavuta kamba mwenyewe, jenereta ikaitika, taa nyekundu ya mashine yangu ya muziki ikawaka. Kilichobaki kilikuwa kitufe, na kitufe kilikuwa chini ya kidole changu. Akasema, "Wewe ni kiziwi?" na mtu mmoja akacheka.

Nikapandisha.

Eno Fofie hakunyamaza. Hilo ndilo ninaloliona mpaka leo. Aliimba nusu saa yake nzima ndani ya ngurumo ile. Niliona mdomo wake unafunguka na kufungika, niliona vidole vyake vinahesabu mama wa tano, wa sita, wa saba. Sarpomaa alikuwa ameweka sikio karibu kabisa na mdomo wa mamake, mpaka wakawa kama watu wanaobusiana, halafu nikamwona anatikisa kichwa. Hasikii. Mama akaendelea. Kwenye wa kumi na moja aliinua mikono, akaishusha, akajifuta uso kwa ncha ya nguo, akaenda kukaa. Hakuna mtu aliyesikia, hata mimi.

Boakye alinipiga bega. "Sasa hapo sawa, kaka."

Nilimaliza wiki tano bila kupita kwenye mtaa wao. Hatimaye nikanunua chupa ya pombe kali, nikamtafuta mzee mmoja aende nami kuniombea, kama inavyotakiwa. Mzee aliongea vizuri. Mimi nilitazama kuku. Eno Fofie akapokea chupa, akamwaga kidogo chini kwa ajili ya kaka yake, akasema yameisha. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Huruma yake ilinichoma, nikaropoka. Nilimwambia ninayo mashine ya kurekodi. Aje kibandani siku moja, tufunge mlango, aimbe polepole, Sarpomaa asikilize hata mara mia.

Aliiweka chupa chini.

"Nani amekufa, Kwabena?"

"Hakuna, Eno."

"Basi unataka nimwite nani? Huyu?" Akamwonyesha Sarpomaa. "Au mwanao yule wa mwisho, mwenye mashavu?"

Sarpomaa alicheka kidogo, akaendelea kuchambua dagaa. Baadaye alinisindikiza mpaka njiani, na pale ndipo alipoongea. "Nina wanne wa wimbo, Kaka Kwabena. Watatu kamili na huyo wa nne nusu. Huwa nawarudia kichwani nikimsuka mtu, bila sauti. Nikifika wa nne ninaisikia spika." Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayemwambia fundi ubovu ulipo.

Siku hizi kazi naifanya vingine, lakini sijisifu. Mwanamke yeyote akisimama na mikono kichwani, ninazima, na anayenipazia sauti namwacha apaze. Watu wawili wameshaniacha wakamwita fundi wa Mampong. Lingekuwa jambo kubwa kama ningelifanya siku ile. Sasa ni kama kufunga zizi na mbuzi ameshachinjwa.

Mvua zilipoanza kifua chake kikakataa. Nilikuwa napita kila Jumapili na ndizi ya kuchoma na karanga kwenye jani, na sasa yeye ndiye aliyekula, kipande kimoja, kwa ajili ya kunifurahisha. Jumapili ya mwisho alikuwa amelazwa ukumbini, kichwa kwenye paja la Sarpomaa, ambaye alikuwa anamsuka nywele zilizobaki. Nilikaa kwenye kigoda. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kumwambia kwamba siku yake ikifika spika zangu hazitatoka kibandani, kwamba patakuwa kimya toka asubuhi mpaka jioni, na Boakye akija na petroli nitaimwaga. Nikaanza kusema. Nikafika katikati.

Alinyoosha mkono akanigusa goti, ninyamaze. Pengo lake likaonekana, kwa hiyo nilijua anatabasamu.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Siku yangu pandisha. Pandisha mpaka mwisho, watu wasijue kwamba hakuna anayeniimbia."