Lazaro Alikufa Mara ya Pili

Binti yangu hakufufuka. Alirudi. Nimechoka kulisema, lakini bado kuna watu wanaomshikashika nywele kanisani wakitafuta baraka, kwa hiyo acha nieleze.

Mimi ni wa Busia, upande wa Kenya. Nimeolewa ng'ambo ya mpaka, Mella, Tororo. Mvua za mwaka juzi mtoto alishikwa na homa, degedege likamkaza, kisha akalegea akawa baridi. Mama mkwe alimwekea sikio kifuani, akapiga yowe. Majirani wakaja. Wanaume wakachukua majembe wakaenda nyuma ya nyumba. Sikumbuki mimi nilikuwa nafanya nini. Nakumbuka jembe likigonga jiwe, wanawake wakimwosha kwa maji ya mtungi, halafu kikohozi. Kidogo tu, kama cha mtu aliyepaliwa na uji. Aliyeshika beseni alilitupa akakimbia.

Nilidhani yameisha. Kumbe shimo lilikuwa tayari, na huku shimo la mtu halifukiwi tupu. Mama mkwe alikata mgomba, akaupunguza ukalingana na kimo cha mtoto, wanaume wakaulaza chini na kuufukia. Nilisimama pale na binti yangu mgongoni, tunaangalia mazishi yake.

"Mama, wanapanda ndizi?"

"Ndiyo," nikamwambia. Ningesema nini?

Mchungaji wetu naye akapata lake. Alimvalisha gauni jeupe, akawa anamsimamisha mbele kila Jumapili. "Mtazameni aliyefufuka! Kifo hakina haki naye tena!" Watu vigelegele. Nilikasirika, lakini pia kuna swali lililonikaa na halikutoka: kama hiki ndicho kufufuka, Pasaka tunasherehekea nini?

Nikaanza kusoma Biblia huku namenya mihogo. Lazaro alitoka kaburini bado amefungwa sanda. Ilibidi watu wamfungue. Yesu aliziacha zake mlemle, kama mtu aliyevua nguo za kazi ambayo harudi tena. Halafu nikaona jambo ambalo sijawahi kulisikia likihubiriwa: wakuu wa makuhani walipanga kumuua Lazaro baada ya kutoka kaburini. Sasa, mtu asiyeweza kufa anapangiwa kuuawa vipi? Alirudi kwenye mwili uleule, wa kuumwa jino na kuogopa. Nilitaka kujua alikufa wapi mara ya pili. Haikuandikwa. Nilitaka kujua kama dada zake walilia kama mara ya kwanza, au walikaa wakitazama njia.

Mwaka huu mvua ziliporudi, homa ikarudi. Mume wangu alikuwa safarini na lori, kwa hiyo neno la mama mkwe ndilo lilikuwa la mwisho, na mama mkwe alikuwa ameshamwita mchungaji.

"Tunampeleka kliniki," nikasema.

"Kliniki ya nini?" Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni, miguu imeziba njia. "Huyu alimaliza kufa. Atakufa ngapi?"

"Dada, usimwaibishe Mungu," mchungaji akasema. "Ukimpeleka huko, ushuhuda wote unaanguka."

"Mchungaji, Lazaro yuko wapi?"

"Lazaro alifufuliwa."

"Najua. Leo yuko wapi? Anakaa Rubongi? Nimpigie simu?"

"Wewe msichana una mdomo!" mama mkwe akafoka. Lakini alimgeukia mchungaji. "Mtumishi, jibu yeye. Iko wapi?"

Mchungaji alipangusa uso kwa kitambaa. "Baadaye... alilala."

"Alilala, ama alikufa?"

"Alikufa, mama."

Mama mkwe aligeuza shingo. Akatazama nyuma ya nyumba, kule tulikofukia mgomba.

"Ile shimo tulidanganya mara moja," akasema polepole. "Mara ya pili haitakubali ndizi." Akainuka mlangoni. "Nyinyi nasimama tu? Ita boda!"

Ilikuwa malaria, kali. Mtoto alipodungwa sindano alimtukana muuguzi kwa Kijaluo, Kidhopadhola cha kwa baba yake na Kiswahili, na mimi sikumkemea. Alipopata nafuu aliniuliza kama Lazaro naye alidungwa. Nikamwambia sijui, lakini mara ya pili bila shaka aliumwa na kitu.

Jumapili iliyofuata mchungaji alimnyooshea binti yangu mkono aje mbele. Nikamshika gauni nikamkalisha. Ufufuo ninauamini, na ninamtakia mwanangu: ule wa Yesu, usio na homa baada yake. Lakini autangulize uzee. Kwa sasa ana mwili kama wangu, unaoumwa na mbu, na tulipotoka kanisani tulipitia sokoni kununua chandarua. Mama mkwe ndiye aliyekichagua.