Bastola Mkononi, Baba Nyuma Yangu

Mashindano yangu ya kwanza ya bastola niliyaingia kwa sababu moja tu, nayo haikuwa kombe. Nilitaka baba yangu aniambie, walau mara moja kabla hajapanda ndege kurudi Morogoro, kwamba nimefanya vizuri.

Baba alikuwa sajini mstaafu, na kazi yake jeshini ilikuwa kuwafundisha makuruta kulenga shabaha. Nilipomaliza shule nikamwomba niingie jeshi, alicheka, akasema bunduki haimtaki mtu wa kulialia. Basi nikaja Sydney, nikawa mtunza wazee kwenye makao yao pale Auburn. Alipokuja kunitembelea kwangu Lidcombe, hakuficha alivyoiona kazi hiyo.

"Unawaogesha wazee wa wenzio," alisema huku anakunywa chai yangu, ambayo nayo ilikuwa nyepesi mno.

Kwa hiyo usinicheke. Hata kabla hajafika, alipoanza tu kuhangaikia viza, nami nilikuwa nimeshajiunga na klabu ya bastola, mtu mzima na mgongo wangu mbovu. Nikasubiri leseni, nikajifunza kuchomoa silaha kiunoni bila kujipiga risasi ya mguu.

Mchezo wenyewe si wa kusimama mahali pamoja. Kipima muda kinalia, unakimbia kutoka kizuizi hadi kizuizi ukizipiga shabaha za karatasi ngumu, na mwamuzi anakufuata nyuma. Sheria kubwa tuliimbishwa mpaka tukaiota: mtutu haugeuki nyuma, iwe iwavyo. Ukiugeuza unaondolewa hapo hapo, wala hakuna rufaa.

Siku hiyo baba alikaa nyuma ya kamba na watazamaji wengine, kavaa suti kama anakwenda kuposa. Mimi nilivaa vile vifuniko vya masikio vya umeme, vinavyozima mlio wa risasi lakini sauti ya mtu vinaipitisha. Niliukaza na kuulegeza mkanda wa kiunoni mpaka mwamuzi akaniuliza, "You right, love?" Nikamwambia niko sawa. Uongo mtupu.

Kipima muda kikalia. Shabaha za mwanzo nilizipata zote. Nikakimbilia kizuizi cha pili, nikapiga, zikaingia tena. Nilikuwa nafanya vizuri, jamani! Ndipo nikasikia sauti ya baba nyuma yangu.

"Mama!"

Hivyo ndivyo alivyokuwa akiniita nikiwa mdogo, kwa kuwa nina jina la mama yake. Tangu nilipomwacha nikaja huku, nilikuwa "wewe". Na kwetu, baba akikuita humwitikii ukiwa umempa mgongo. Unaacha ulichoshika, unageuka, unaitika. Mimi niligeuka bila kuacha nilichoshika.

"Abee, baba!"

"Stop!" mwamuzi akapaza sauti. Watazamaji walijitupa chini. Baba peke yake hakuinama, alinitazama tu.

Nilizitoa risasi zilizobaki kwenye bastola, mwamuzi akakagua, silaha ikarudi kiunoni. "You're done for today," akaniambia kwa upole, yaani nimeshaondolewa. "It happens." Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia, na guu likavunjika vilevile.

Tukaingia garini. Nikashindwa kuvumilia.

"Baba, si uliniita?"

"Nilikuita." Akafunga mkanda taratibu. "Lakini mwenye silaha mkononi hana baba. Hata kuruta wa siku ya kwanza anajua."

Alikuwa sahihi, ndiyo maana hata hasira sikuweza kuwa nayo. Niliendesha nikilia kimyakimya, yeye akiyatazama maghala ya Seven Hills yanavyopita dirishani. Nilikuwa nimemthibitishia mbele za watu kwamba hakukosea kuninyima jeshi.

Alikaa siku chache zaidi, kisha nikamsindikiza uwanja wa ndege. Nilikuwa na nafasi tele ya kumuuliza alichokuwa ananiitia, kama ni kunisifu au kunikosoa. Niliogopa jibu. Nikajiambia nitamuuliza kwa simu, siku nitakayomkuta na furaha. Moyo wake ulikuwa mgonjwa, nami nilijua. Alifariki sijamuuliza, na hakuna mwingine wa kuniambia.