Mvua Tunayo, Tunamshukuru Mungu

Kwenye dirisha la zahanati moja pale Uyole, mbele yangu walisimama mtu na mkewe. Mume ni wa makamo kama mimi. Kwenye benchi alishanitangazia, kwa sauti ya kushindana na mashine, kwamba amefanya kazi kwenye mashine za kukoboa mpunga kule Ubaruku tangu ujana na leo amekuja kupima presha. Muuguzi alikuwa amevaa barakoa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Una umri gani?"

"Hawajambo, mwanangu."

"Nauliza umri, baba!"

"Mvua tunayo, tunamshukuru Mungu."

Foleni nzima ikacheka, mimi nikiongoza. Si mnajua salamu zetu zina mpangilio: kwanza shikamoo, kisha watoto, kisha mvua. Jamaa alikuwa haitikii maneno, anaitikia zamu!

Mkewe peke yake hakucheka. "Dada, hebu shusha hiyo barakoa, umuulize tena."

Muuguzi akaishusha, akauliza.

"Hamsini na tatu," jamaa akajibu papo hapo.

Mama akamshika mabega, akamgeuza. "Kumbe husikii! Miaka miwili nakuita kutoka jikoni huitikii, mimi najua umenichoka!"

"Nikuchoke wewe? Mbona kutwa nakutazama mdomo?"

Mama akacheka huku anajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Dada, presha itasubiri. Tuelekeze wanakopima masikio."

Juzi nami nikaenda kupimwa. Daktari anasema masikio yangu ni mazima kabisa. Sasa sijui nyumbani nitajitetea na nini.