Kutu Anakula

Karakana ilikuwa ya Mhindi. Mwenyewe alipofukuzwa nchini pamoja na wenzake, ikapewa kapteni mmoja wa jeshi aliyejua habari za vyuma kama ninavyojua mimi kuendesha manowari. Watu wa aina yake Kampala nzima tuliwaita mafutamingi. Mafuta walikuwa nayo kweli, shingoni na tumboni. Ya kupaka vyuma, Kapteni hakununua hata kopo moja.

Mimi nilikuwa karani wa mapokezi. Mjomba wangu, ndugu yake mama, alikuwa fundi wa kuzuia kutu, ingawa Kapteni hakujua kwamba tuna undugu. Enzi za Mhindi, Mjomba alichovya bawaba kwenye zinki, akapaka fremu za madirisha rangi nyekundu ya kwanza, akapaka vitasa vya shaba vanishi ili visigeuke kijani. Kila aina ya chuma ilikuwa na dawa yake, na dawa zote ziliondoka na Mhindi. Mvua zilipoanza, paa likavuja, fremu zikaanza kumomonyoka. Mjomba akataka kumweleza Kapteni.

"Mjomba, nyamaza tu," nilimwambia.

"Nikinyamaza, mali ikioza atasema nimehujumu uchumi. Unajua wanakopelekwa wahujumu?"

Nilijua. Kila mtu alijua.

Sisi ni watu wa Old Kampala, Kiswahili chetu tulikirithi kwa mababu waliotoka pwani. Lakini kumsemesha mwanajeshi Kiswahili safi ilikuwa kujitafutia makofi, ataona unamringia. Kwa hiyo Mjomba, kwa heshima zake zote, akakivunja. Badala ya kusema kutu inakula vyuma, akasema kama wao: "Afande, Kutu anakula vyuma yote. Anamaliza kabisa."

Kapteni akaacha kutafuna kuku wake. "Nani?"

"Kutu, afande."

"Huyu Kutu nakula mali yangu, na nyinyi naangalia tu?" Akawageukia walinzi. "Kamata yeye! Lete hapa!"

Lo! Mtu mzima, nyota tatu begani, hajui kutu! Inaelekea bunduki yake ilisafishwa na wengine tangu alipokuwa kuruti. Nikataka kucheka, nikatazama walinzi, kicheko kikanikauka. Wawili wao walikuwa Wanubi, wamekua na Kiswahili mdomoni, na walikuwa wakitazama buti zao. Kumwambia Kapteni kwamba kutu si mtu ilikuwa kumwita mjinga mbele ya watu, na watu walitiwa kwenye buti la gari kwa makosa madogo kuliko hayo.

Mjomba alijaribu. "Afande, kutu ni..."

"Ni rafiki yako? Unaficha yeye?"

"Hapana, afande."

"Basi wewe najua sura yake. Nenda onyesha. Hapana onyesha, hapana rudi nyumbani."

Wakampeleka kwenye kizuizi cha barabarani, njia ya Jinja. Yaliyotokea huko tuliyajua kwa sajini wa kizuizi, Mnubi, jirani yetu, aliyekuja mwenyewe kumweleza mama. Kutwa nzima waliwateremsha abiria na kuwapanga mstari. Sajini anauliza, "Ni huyu?" Mjomba anajibu, "Siye." Anayefuata. "Siye." Jua lilipoinama sajini akamnong'oneza: "Mzee, mimi kutu naijua. Nionyeshe mtu yeyote tu, twende zetu. Nina watoto."

Mjomba akautazama ule mstari, wanawake na mikungu yao ya matooke, mwalimu mmoja na baiskeli yake.

"Na hawa hawana watoto?" alimuuliza. "Basi sema Kutu ni mimi."

Sajini akasema hivyo, na alipotusimulia alilia pale mlangoni petu. Mama hakumkaribisha kiti. Mjomba hatukumwona tena, wala kaburi lake hatukuonyeshwa, na hasira yangu mpaka leo haijapoa, wala siiombei ipoe.

Kapteni, yeye, alichinja mbuzi. Akatukusanya karakanani, akahutubia: Kutu amekamatwa, vyuma sasa salama, na atakayetaja habari ya kununua rangi anataka kumfilisi. Tukapiga makofi. Jamani, mngefanya nini?

Mvua haikuhudhuria hotuba. Fremu ziliendelea kuliwa, vitasa vikawa kijani, bawaba zikakatika ukizigusa. Asubuhi moja Kapteni akaingia, akapitisha kidole kwenye dirisha lililosimama karibu na meza yangu. Kidole kikatoka chekundu. Akakitazama, akakinusa, akakifuta kwenye suruali. Kisha akaniinamia na kuniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeanza kuelewa jambo:

"Huyu Kutu, alikuwa na ndugu?"

Nilijibu sijui, afande. Nikaomba ruhusa ya kwenda msalani, nikampitia mama nyumbani, na mpaka hivi leo sijarudi.