Ufunguo wa Rubani

Jirani yangu, rubani wa ndege ndogo za abiria, hupiga pasi mashati yake mwenyewe barazani, simu ameibana begani, akiongea na marubani wa mashirika mengine. Wao humtajia mishahara; yeye huuliza lile lile: "Sawa, lakini mnalala wapi?" Akiambiwa pesa ni nzuri ila wiki nzima ni hotelini, kama anavyoishi sasa, huguna tu. Akisikia shirika linalomrudisha mtu kwake kila jioni, pasi husimama, nusura iunguze kola. Halafu huuliza mshahara kwa sauti ya chini, na kucheka peke yake. "Sasa watoto watakula upepo?" Begi lake la magurudumu hukaa mlangoni kama mgeni ambaye hajakaribishwa kiti. Juzi asubuhi alikuwa ameshaliburura hadi getini, mkewe akamfuata mbio. "Baba watoto, ufunguo wa nyumba umeuacha mezani. Na taulo umelikunja kitandani, kama unahama!" Nilingoja acheke. Akaupokea ufunguo, akaugeuza huku na huku, kama mtu anayetafuta namba ya chumba cha hoteli.