Mafuta ya Wagonjwa

Wanafunzi wa darasa la ubatizo walimwita katekista wao Maana Yake, naye hakuchukia. Hakuweza kuacha neno la kanisa lipite bila kulisimamisha na kulipekua mifuko. Toba? "Maana yake ni kugeuka na kurudi. Kulia tu si toba, hata kitunguu kinaliza." Neema? "Maana yake ni kupewa usichostahili. Kama wewe hapo nyuma, umepewa kiti na bado unasinzia."

Lakini neno alilolipigania kuliko yote lilikuwa mpako wa wagonjwa, sakramenti ya padre kumpaka mgonjwa mafuta na kumwombea. Mtaani waliuita mafuta ya kuagia. Padre akionekana mlangoni na kichupa chake, majirani walianza kuulizana nani ana viti vya msiba, na mgonjwa mwenyewe, mwenye homa tu, alianza kugawa nguo zake. Katekista alipiga meza: "Ni mafuta ya wagonjwa! Ya kumtia mtu nguvu! Mtu aliye hai!"

Kisha mkewe, fundi cherehani, akaugua ini. Alikonda hadi akaizungushia pete ya ndoa uzi ili isidondoke. Kitanda kikahamishiwa chumba cha kushonea, penye dirisha kubwa.

"Umeshamwita padre?" mkewe akauliza asubuhi moja.

"Wa nini? Wewe utapona."

"Si ndiyo sababu ya kumwita? Mtaa mzima umeufundisha kuwa mafuta ni ya wagonjwa. Mimi humu ndani ni nani, mpangaji?"

Katekista alicheka kidogo, akajifanya anatafuta kiatu. "Kesho, mke wangu. Leo padre ana semina."

Padre hakuwa na semina yoyote. Dada wa mkewe, aliyekuja kuuguza, alikuwa amepita parokiani akamwona anamwagilia maua. Akamfuata katekista uani.

"Shemeji, acha mchezo. Mwite padre."

"Akiingia na kile kichupa..."

"Enhe? Akiingia?"

"Basi, nitajua ndiyo mwisho."

Shemeji alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Maana zote za katekista zilikuwa zimeishia kwenye kizingiti cha chumba cha kushonea. Ndani ya moyo wake alikuwa mwoga kama wale majirani wa viti.

Kesho ikazaa kesho nyingine. Mkewe akaacha kuuliza. Kisha darasani ikafika zamu ya sakramenti ile ile, na katekista akaifundisha kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Muuza mkaa, mama mtu mzima asiyeona haya kuuliza, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, sasa padre aitwe lini?"

"Mapema, mama. Mgonjwa angali na akili zake, angali anaweza..."

Akaweka chaki chini, akatoka bila kuaga, na walimwona dirishani akikimbia kuelekea kwa padre, shati limetoka nje.

Yeye na padre walipofika nyumbani, shemeji alikuwa anamfunga dada yake kidevu kwa kipande cha kitambaa kilichosalia mezani.

"Alikuulizia," akasema. "Nikamwambia uko njiani."

Padre akarudisha kichupa mfukoni polepole. "Mafuta ni ya walio hai, ndugu yangu."

"Najua, padre. Ndivyo ninavyofundisha."

Padre akafungua kitabu, akaanza sala ya marehemu. Katekista, ambaye kuongoza viitikio ndiyo kazi yake, akaketi kwenye kiti cha cherehani. Shemeji akaitikia peke yake.

Siku hizi mtu wa parokia akikohoa mara mbili, katekista ameshamgongea padre mlango. Watu wanamficha mafua yao. Juzi alimpeleka padre kwa fundi baiskeli.

"Mwalimu, ni jino tu!" fundi akalia, ameshika shavu.

Padre akamwombea, kisha wakiwa njiani akamshika katekista bega. "Rudi nyumbani, ndugu yangu. Pumzika."

"Nyumbani kwa nani, padre?"